Springi za kuinua Land Cruiser ya zamani: anza na kilo, inchi zitakuja zenyewe

Wacha nianze na kosa langu ndio mnielewe. Niko na Land Cruiser 80 ya 1994, dizeli ya 1HZ, ile gari kila mtu hapa Nakuru anaita VX hata kama nyuma imeandikwa GX wazi wazi. Nilipoinunua ilikuwa imekaa chini kama kuku anaatamia, nyuma hasa, na kila nikipanda Mau Narok kuchukua viazi ilikuwa inaguza chini penye pikapu za wenyewe zinapita bila wasiwasi. Nikaenda duka moja la spea, swali la kwanza nikaulizwa, "Mkubwa, unataka inchi ngapi?" Nikasema mbili. Hakuna aliyeniuliza kama gari iko na bulbar (ile bampa nzito ya kukinga mbele) ama haina, nabeba nini, nabeba lini, na mimi pia sikujua hayo ndio maswali, kwa hivyo nikatoka pale na springi za mbele za gari yenye bulbar ya chuma na winchi ya kujivuta, na za nyuma za gari inayobeba kilo 400 kila siku ya Mungu. Bulbar yenyewe ilikuwa bado ndoto.

Ikatoka nzuri kwa picha. Kwa barabara ilikuwa balaa. Nikifika Salgaa trela ikinipita ule upepo unanisukuma na stering inaogelea, nashika kwa mikono miwili kama mtu wa mtihani wa leseni. Kwa rafu rodi nyuma inaruka ruka, haitulii. Mama watoto alishuka siku ya kwanza akasema afadhali mkokoteni, angalau punda huenda pole. Nilizitoa baada ya miezi mitatu, nikaanza upya, na hii ndio njia niliyofuata mara ya pili. Ni ya 80 hasa lakini Patrol ya Y60, Discovery ya kwanza na Land Rover 110 zote ni koili na ekseli nzima (chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi), hesabu ni ile ile, badilisha tu namba.

Jua kwanza springi inainua nini

80 iko na ekseli nzima mbele na nyuma. Difu, lile boksi la gia la katikati, imekaa kwa ekseli, ekseli imekaa kwa tairi. Ukiweka springi ndefu unainua chasi na bodi, difu inabaki pale pale. Kwa hivyo kama shida yako ni lile tope jeusi la Kano, ukitoka Ahero kuingia mashambani penye trekta zimechimba mitaro na difu yako inalima katikati, springi haitaongeza hata milimita moja hapo. Hiyo ni kazi ya tairi. Ukitoka 275/70R16, ambayo ina kimo cha kama milimita 791, ukaenda 285/75R16 yenye kama 834, unapata nusu ya hiyo tofauti chini ya difu, kama milimita 21 hivi. Springi zinakupea nafasi ya hiyo tairi ndani ya madigadi, zinatoa bampa na ubavu kwa mawe, na zinarudisha ile nafasi ya ekseli kupanda na kushuka yenye springi zilizochoka zimekula. Ni hayo tu. Na hapo hapo zinapandisha uzito juu, utausikia huo uzito siku utavuka mteremko kwa ubavu kule Kerio.

Ndio maana mimi husema milimita 50 inatosha watu wengi. Ukifika 75 unaanza kununua vitu vingine vya kurekebisha ile kitu umeharibu, na ukifika 100 hiyo si springi tena ni mradi.

Pima gari venye iko leo

Tafuta mahali flati kabisa, simenti ya petroli stesheni ni sawa. Jaza hewa sawa kila upande, tenki nusu, toa mizigo yote. Tembeza gari mbele na nyuma kidogo kisha usiikanyage breki sana, iachie ikae yenyewe. Sasa chukua tepu upime kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, wima, gurudumu zote nne. Usipime kutoka chini hadi madigadi, kwa sababu ukibadilisha tairi hiyo namba inakufa, ile ya habu haijali tairi.

Yangu mara ya pili, nikiwa nimerudisha zile springi za zamani, ilisoma hivi: mbele kushoto 488, mbele kulia 480, nyuma kushoto 482, nyuma kulia 471. Ona upande wa kulia. Huko ndiko dereva huketi miaka 30, na gari nyingi za zamani za hapa kwetu utazikuta zimelalia upande huo. Andika kwa daftari, si kwa kichwa.

Ukiwa chini hapo angalia kama ni springi imechoka ama ni kitu ingine. Bushi za ile mikono ya mbele inayoshika ekseli kwa chasi zikipasuka gari inakaa vibaya na inatembea vibaya na utalaumu springi bure. Gusa kwa bisibisi penye springi inakalia, chasi ikitoa maganda ya kutu usiendelee na habari ya kulifti, tafuta fundi wa kuchomea kwanza.

Nenda kwa mizani

Hii ndio hatua watu huruka na ndio ya maana kuliko zote. Tafuta mizani ya malori, zile za wenye kusaga mahindi ama za kokoto, ukiongea vizuri asubuhi kabla foleni hawakatai. Mimi kijana wa pale alinicheka, akaniuliza kama nimekuja kuuza gari kwa kilo. Panda na magurudumu ya mbele peke yake, andika. Panda yote, andika. Toa ya mbele kwa yote, inayobaki ni nyuma. Yangu nikiwa ndani na tenki nusu ilisoma 1,120 mbele na 1,140 nyuma.

Halafu rudia gari ikiwa venye hukaa siku nyingi za mwezi, si venye inakaa ukienda safari mara mbili kwa mwaka. Hapa ndio watu hujidanganya. Mtu anakwambia anabeba hema la juu, maji, friji na mitungi ya dizeli, ukimuuliza lini anasema Desemba. Sasa Januari hadi Novemba unaendesha nini?

Kama kitu hujaweka lakini utaweka kweli, na pesa iko, kadiria. Bulbar ya chuma ni kama kilo 50 hadi 80. Winchi ya kawaida na waya wake inakaribia 40, ukiweka kamba badala ya waya unaokoa kama kilo 10. Betri ya pili 20 na kitu. Mtungi wa lita 20 ukiwa na dizeli ni kama kilo 17 ya mafuta kabla hujahesabu mtungi wenyewe. Gunia la mahindi ni 90, gunia la viazi la halali ni 50, na lile si la halali mnalijua.

Lakini kilo si kilo tu, inategemea imekaa wapi. 80 ina milimita 2,850 kati ya ekseli mbili. Ukining'iniza kilo 100 ya bulbar na winchi sentimita 90 mbele ya ekseli, ekseli ya mbele inasikia kama 130, na nyuma inapunguziwa 30. Ni kama ubao wa watoto wa kubembea. Vile vile spea tairi na mitungi kwa bampa ya nyuma, kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli inakuwa 135. Kwa hivyo ukitoka kununua bampa ya nyuma ya chuma usishangae pua ya gari imeangalia mawinguni.

Jua ugumu wa springi uliyo nayo

Hii nilijifunza nikiwa na simenti ya kujenga choo nyumbani. Mfuko ni kilo 50, hauna maneno mengi. Weka mifuko minne juu kabisa ya ekseli ya nyuma, ikae sawa kushoto na kulia, hiyo ni kilo 200, kila springi inachukua 100. Pima tena habu hadi madigadi. Yangu ilishuka milimita 33. Gawanya 100 kwa 33 unapata kilo 3 kwa kila milimita. Huo ndio ugumu wa springi yako, kwa mikono yako mwenyewe, bila kuuliza mtu. Tikisa gari kidogo kabla ya kupima ndio bushi na shoku zisishike.

Katalogi nyingi, za Australia hasa, zinaandika kwa pauni kwa inchi. Chukua kilo kwa milimita zidisha kwa 56. Yangu ya 3 inakuwa kama 168. Springi ikiandikwa 250, gawanya kwa 56, ni karibu 4.5, yaani ngumu mara moja na nusu kuliko yangu. Sasa umeacha kusikia "midiam" na "hevi" za muuzaji, uko na namba.

Na usidanganywe na macho. Unene wa waya ukiongezeka kidogo ugumu unaongezeka sana, kutoka waya wa milimita 16 kwenda 17, vitu vingine vikikaa sawa, ni ngumu zaidi kwa asilimia 27. Idadi ya mizunguko ikipungua pia inakuwa ngumu. Ndio maana fundi akikata mzunguko mmoja ndio gari "ikae level" anakuwa amekuletea springi fupi na ngumu pamoja, na ile ncha aliyoikata haikai vizuri kwa kiti chake. Kuchoma springi na gesi ndio ishuke ama ivutike usifanye kabisa, chuma kikipashwa moto hivyo kinapoteza ule ukali wake na siku moja kitalala ama kivunjike ukiwa Timboroa usiku.

Sasa chagua

Watengenezaji wa maana, kina Old Man Emu, Dobinsons, Ironman, Tough Dog, wote wanapanga springi kwa uzito unaokaa kwa gari daima. Mbele utakuta ya gari tupu, ya bulbar, na ya bulbar na winchi. Nyuma utakuta ya gari tupu hadi mizigo kidogo, ya mizigo ya kati, na ya mizigo mizito ya kila siku. Ile milimita 50 wanayoandika ni ukiwa na huo uzito. Hapo ndipo mimi nilikosea.

Fanya hesabu na mimi. Springi ya mbele ya kilo 4 kwa milimita imetengenezwa ikijua kuna bulbar na winchi ya kilo 110. Na ile bembea tuliyosema, ekseli inasikia kama 143, kila upande 71. Gawanya kwa 4, ni kama milimita 18. Sasa hiyo bulbar haiko. Gari inasimama 18 juu zaidi, ile 50 uliyolipia imekuwa 68, na hapo unaendesha springi ngumu ambayo haina cha kubeba. Ndio ile stering ya Salgaa.

Kwa hivyo: chukua uzito wako wa siku nyingi, toa uzito wa gari tupu, kilo zinazobaki ndizo unapeleka dukani. Ukiwa katikati ya springi mbili chukua ile laini. Najua hii watu watanipinga, lakini gari ya rafu rodi inataka ekseli ishuke ifuate shimo, springi ngumu inabeba gurudumu hewani. Na ile mizigo ya mara moja moja, viazi vya kufunga mwezi ama safari ya Desemba, iko dawa yake, begi za hewa za kuingiza ndani ya koili ya nyuma. Unajaza ukipakia, unapunguza ukishusha, na hupiti ile presha imeandikwa. Mimi hivyo ndivyo nafanya saa hii: mbele ya gari tupu, nyuma ya mizigo ya kati, begi za hewa za siku ya gunia.

Angalia pia kama zimeandikwa A na B ama kushoto na kulia. Watengenezaji wengine wanatoa moja ndefu kidogo ya upande wa dereva, soma karatasi, kwa sababu kuna katalogi imeandikwa na mtu anaendeshea kushoto. Zikiwa sawa zote na gari bado inalala upande, spesa (pete ya kuinua springi) ya milimita 10 kwa upande mmoja si dhambi. Spesa ya 50 juu ya springi iliyokufa, hiyo ni kumvisha maiti viatu.

Springi za mtumba kutoka Grogan, Nairobi, sizikatazi, lakini uliza zilitoka gari gani na injini gani, halafu zisimamishe mbili kando kwa kando sakafuni. Moja ikiwa fupi kwa kidole, achana nazo.

Kwa wale wa springi za bapa, Land Cruiser 75 na Maruti zetu, kanuni ya kilo ni ile ile lakini kuongeza bapa moja kwa jua kali kunaongeza ugumu kwanza na kimo baadaye, na shakoli (kile kishikio cha springi kwa chasi) ndefu inageuza ekseli na kuharibu stering. Ukifungua nunua yu-bolti mpya, zile za zamani zimeshavutika. Na wenye Pajero za kitambo na Hilux za tosheni ba (chuma kirefu kinachojisokota badala ya koili), kukaza ile bolti yake ya kurekebisha kimo hakubadilishi ugumu hata kidogo, unainua tu gari huku ukila nafasi ya gurudumu kushuka.

Vitu vinavyokuja na springi

Shoku lazima zibadilishwe, na ziwe za urefu wa hiyo lifti. Shoku fupi inakuwa ndiyo inazuia ekseli kushuka, inajivuta hadi inang'oka. Ndefu sana nayo inagonga mwisho kabla raba ya kugongea haijafika. Na springi ngumu na shoku ya zamani ndio gari inakuwa dansa.

Stering ndio kubwa. 80 kiwandani iko na kasta (ule mlalo wa nyuma wa pini za kugeuzia magurudumu, unaofanya stering inyooke yenyewe) ya kama digrii 3, na ukiinua 50 unapoteza kama 2. Ndio inaogelea. Bushi za kasta, zile tundu lake haliko katikati, zinarudisha hizo digrii kwa lifti ya 50. Nunua siku ile ile unanunua springi, usiambiwe "tutaona kwanza". Fundi akiziweka hakikisha amezigeuza upande unaofaa, nimeona zimewekwa kinyume na gari ikawa mbaya maradufu. Zikiwekwa vizuri ncha ya difu ya mbele inashuka kidogo, ukisikia mtetemo kwa propela baadaye anza kuangalia hapo.

Rodi ya Panhard, ile inayozuia ekseli kwenda kando, mbele na nyuma, inavuta ekseli upande gari ikipanda. Kwa 50 ni milimita chache, wengi hawaoni. Juu ya hapo tafuta ya kurekebishika.

Breki sasa, na hii mafundi wengi hawaijui. Nyuma kuna valvu iko na mkono umeshikana na ekseli, inasoma gari imebeba ama haijabeba. Ukiinua gari inadhani uko mtupu, inapunguza breki za nyuma. Mkono wake ama kiti chake lazima kisogezwe kwa kiasi cha lifti. Hozi za breki pia, ekseli ikining'inia kabisa zisikaze kama kamba ya nguo.

Taa uzishushe, usichome macho ya watu. Na bima waambie umebadilisha, kabla si baada.

Kufunga

Siendi ndani sana. Chasi juu ya stendi za chuma, si mawe, si jeki peke yake. Toa shoku chini, fungua stabilaiza, fungua kibano cha hozi ya breki, shusha ekseli pole pole na springi ya 80 inatoka kwa mkono bila kubanwa. Mpya ikiingia, geuza mpaka ncha yake ikae kwa kile kidato cha kiti. Bolti za bushi za raba usizikaze gari ikiwa hewani. Zishike tu, shusha gari, itikise, ndio ukaze ikiwa imebeba uzito wake, la sivyo bushi inakaa imepindwa maisha yake yote na inapasuka mapema. Nilisimama juu ya fundi na hii na alinikasirikia.

Baada ya wiki kadhaa springi mpya zinatulia, zinashuka kidogo, kwa hivyo usikimbilie spesa siku ya pili. Kaza bolti tena ukifika kilomita 500, peleka wilo alaimenti, kisha rudi na tepu petroli stesheni ile ile, tenki nusu, na daftari. Yangu ilisoma 532 na 530 mbele, nyuma kulia 528, nyuma kushoto 520. Nikakuna kichwa na hiyo milimita 8, nikaanza kumlaumu muuzaji. Kufungua mlango wa nyuma, kumbe ni boksi la spana na jeki ya pili, nimeyarusha upande wa kushoto tangu siku ya kufunga na nikasahau. Nikayatoa, nikapima tena, 527.